Kikundi cha Mto Hakivai Kofia

Kila asubuhi kabla ya shule, Bonifasia alishuka bondeni na ndoo kuchota maji. Miezi ya mavuno alilazimika kupanda mbali zaidi, mpaka juu ya mtambo wa kumenya kahawa wa Bwana Joakim, kwa sababu mtambo ule ulimwaga maji machafu na maganda mtoni. Kuanzia hapo kwenda chini, mto uligeuka rangi ya chai ukanuka kama pombe iliyochacha. Mwaka ule mdogo wake, Hyasinti, alikunywa maji ya chini akalazwa hospitali huko Mbinga. Alirudi amekonda, kaptula haishiki kiunoni.

Mama yao, Gaudiosa, aliwakusanya kina mama wa bondeni wakaunda Kikundi cha Mto. Walitaka jambo moja: Bwana Joakim achimbe mashimo ya kuzuia maji yale, na serikali imsimamie. Bwana Joakim aliwacheka. Wakaenda ofisi ya kata. Wakaambiwa warudi kesho, na kesho waliporudi wakaambiwa vilevile.

Kisha kampeni za udiwani zikaanza.

"Mama yako ameanzisha chama," Henry alimwambia Bonifasia darasani. "Baba anasema anautaka udiwani."

"Si chama, ni kikundi."

"Kina mwenyekiti, kinafanya mikutano, kinaisumbua serikali. Tofauti iko wapi?"

Bonifasia alirudi nyumbani na swali lile kichwani.

Jumamosi, mgombea mmoja, Bwana Florian, alifika nyumbani kwao na furushi la kofia za rangi ya chungwa.

"Shikamoo," Bonifasia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mama. "Mama Bonifasia, kesho njooni mkutanoni kwangu mmevaa hizi. Nikishinda, mtambo ule nitaufunga."

"Hatukuomba ufungwe. Kahawa yetu sote inamenywa pale. Tuliomba mashimo."

"Basi, mashimo. Vaeni kofia."

"Mashimo ndiyo. Kofia hapana."

Bwana Florian alisimama. "Asiye wangu ni wa mpinzani wangu. Nitakumbuka."

Kesho yake baada ya Misa, kina mama walikwenda mkutanoni vichwa vitupu, wamebeba ndoo ya maji ya mto. Walitaka kuuliza swali tu. Lakini Bwana Florian alipowaona alikamata kipaza sauti.

"Kina mama wa mto nao wako nami! Wapigieni makofi!"

Makofi yakalipuka. Mama Serafina, mfuasi wa chama pinzani, cha kofia za kijivu, aliuachia mkono wa ndoo. "Gaudiosa, umetuuza?" Akaanza kuondoka, na wenzake wawili wakamfuata.

Bonifasia aliona kikundi kikivunjika mbele ya macho yake.

"Si kweli!" alipaza sauti katikati ya umati. "Kofia zako walizikataa! Waulize!"

Watu wakageuka kumtazama.

"Mtoto wa nani huyu?" Bwana Florian aliuliza kwa ukali.

"Wangu," mama alijibu, akasogea mbele. "Na amesema kweli. Mama Serafina yule atampigia mpinzani wako. Mama Lidia huyu atakupigia wewe. Mimi sikuambii. Siku ya kura kila mtu na chama chake, lakini leo tuna mto mmoja. Kiti unachokigombea hatukitaki. Tunataka atakayekikalia atujibu." Akachota kikombe, akamnyooshea. "Haya ndiyo tunayokunywa."

Bwana Florian hakukipokea. Mama Serafina akarudi, akaushika tena mkono wa ndoo.

Wiki iliyofuata mgombea wa kofia za kijivu alikuja akichekelea. "Mmemkomesha! Sasa njooni kwetu." Naye akanyooshewa kikombe kilekile.

Aliyeshinda ni Bwana Florian. Kina mama walipomfuata ofisini aliwaambia, "Nyinyi hamkuwa wangu."

"Wala hatukuwa wa mwenzako," mama alisema. "Sasa wewe ni diwani wa wote, hata wa waliokunyima kura. Tutakuja kila Jumatatu."

Wakaja kila Jumatatu, wakakaa kwenye benchi wakichambua maharage yao, mpaka afisa afya akatumwa kwa Bwana Joakim na amri: bila mashimo, mtambo hauwashwi. Mavuno mengine yalipofika, mashimo yalikuwa tayari, na maji yakapita chini ya mtambo yakiwa safi.

Jioni moja Henry alikuja kwao. "Shikamoo, mama. Mbona hukugombea mwenyewe? Ungeshinda."

"Marahaba." Mama alicheka. "Chama cha siasa kinataka kutawala: shule, barabara, zahanati, yote. Ndiyo maana kinaomba kura, na ni kazi ya heshima. Kikundi chetu hakiombi kura ya mtu. Kina shida yake, na kinambana kiongozi wa chama chochote aitatue. Unaweza kuwa katika vyote viwili kama Mama Serafina, ila usikubali kimoja kimezwe na kingine."

"Sasa mashimo yamechimbwa," Henry alisema. "Kikundi kimekwisha?"

"Kimekwisha?" Mama alijitwika ndoo. "Daraja mnalovukia kwenda shule limeoza. Jumatatu tuko kwa diwani."