Tawi la Mtende wa Bibi Mwanahawa

Kila Jumamosi nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kufagia ua, na kumchukia Apolinaria. Hii ya tatu sikutumwa na mtu.

Tuliishi nyumba moja pale Chemchem, mjini Tabora, mwaka 1968. Wazazi wake walitoka Urambo kwenye tumbaku, wakapanga chumba kilichopakana na chetu. Tangu waje, mama yangu alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mwone mwenzio Apolinaria." Akisugua sufuria, mwone mwenzio. Akirudi shamba la ujamaa la shule na jembe safi, mwone mwenzio. Mimi Leonia nikawa kama sina jina nyumbani kwetu.

Nilibakiwa na jambo moja la kujivunia. Kila Jumapili ya Matawi, kwa miaka miwili mfululizo, mimi ndiye niliyetangulia maandamano ya kanisa na tawi kubwa la mtende. Jumamosi ya kuamkia sikukuu hiyo mwaka ule tulikwenda na Katekista Anton, mwalimu wetu wa dini, kuchukua matawi kwa Bibi Mwanahawa. Bibi huyo alikuwa Mwislamu, na mtende ulikuwa uani kwake.

"Shikamoo, Bibi," tuliamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Kateni, ila msiguse moyo wa mti, utakufa. Mtende huu ni mkongwe kuliko mimi. Watu wa misafara ya zamani walipumzika hapa, wakala tende, wakatupa kokwa, nao ukaota. Leo unawapambia Wakristo kanisa." Akacheka mwenyewe.

Katekista alipanda ngazi, akakata tawi moja changa na refu. "Yesu alipoingia Yerusalemu juu ya punda," alisema, "watu walimlaki kwa matawi ya mitende, kama anavyolakiwa mfalme. Ndiyo maana ya sikukuu yetu. Mwaka huu atatangulia Apolinaria. Lifunge kwa gunia lililolowa, binti, uliweke kivulini, na gunia lisikauke."

Hata tawi? Hata hilo?

Mchana Apolinaria alilowesha gunia, akalifunga tawi ndani yake, akaliweka nyuma ya mlango wa jiko, kisha akaenda kupanga foleni bombani. Mama alikuwa sokoni. Nililitoa lile tawi, nikalianika juu ya bati la jiko, na jua la Tabora mnalijua. Aliporudi na ndoo kichwani, tawi lilikuwa limesharudi ndani ya gunia, nami nafagia ua huku naimba.

Asubuhi tulipofika kanisani, Apolinaria alifungua gunia. Majani yalikuwa yamejikunja na kulegea kama mboga iliyolala sokoni.

"Nilikuambia gunia lisikauke," Katekista alisema mbele ya watu wote.

"Nililowesha, Katekista. Mara tatu."

"Mzembe na mwongo pia? Leonia, chukua tawi jingine, utangulie wewe."

Basi nilitangulia. Niliimba Hosana kwa sauti kuliko wote. Nyuma yangu Apolinaria alikuwa analia bila sauti, nami nilijifanya sisikii.

Kwenye misa ikasomwa habari ndefu ya mateso. Sehemu ya umati tulisoma sisi waumini. Ilipofika zamu yetu, nikasema na wenzangu, "Asulubiwe!" Mdomo ulioimba Hosana ulikuwa huohuo. Na msomaji alikuwa ameshasoma kuwa Pilato alijua wakuu wa makuhani wamemtoa Yesu kwa husuda. Neno hilo lilinikaa kifuani.

Misa ilipokwisha nilimfuata Katekista mlangoni. "Apolinaria hakusema uongo," nilimwambia. "Mimi nililianika tawi lake juani. Nilimwonea wivu."

Naye akasema, "Alitukanwa mbele ya watu. Waambie watu."

Nilisema yote pale nje, mama yangu akiwepo. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia. Katekista naye alimwomba Apolinaria radhi kwa kuhukumu bila kuuliza. Halafu akanigeukia. "Hasidi hana sababu, Leonia. Apolinaria hakukukosea lolote. Umati ule nao Yesu hakuwakosea. Ukiona wivu unaanza, useme kabla haujakupa kazi ya kufanya."

Akaniwekea tawi lililonyauka mikononi. "Litunze. Majivu ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya mwaka uliopita."

Nililining'iniza juu ya kitanda changu, likakauka kabisa. Mwaka uliofuata nililipeleka likachomwa, nikapakwa majivu yake kwenye paji la uso. Na Jumapili ya Matawi ilipofika, Apolinaria alitangulia na tawi bichi, limenyooka. Gunia lake nililowesha mimi.