Taarifa Hazitoshi

Kila alipotoka shule, Ruthu alivua viatu mlangoni, akala ugali wake na mlenda akiwa amesimama, kisha akawahi kukaa kibarazani kabla wageni wa dada yake hawajafika. Mama alikuwa amechoka kumwambia akae chini anapokula. Lakini Ruthu hakutaka kupitwa na kitu. Tangu dada yake Anitha aitwe kufanya mtihani wa kuajiriwa benki, kibaraza cha nyumba yao pale Kisasa, Dodoma, kilikuwa kimegeuka darasa, na darasa hilo lilimnogea kuliko darasa lake mwenyewe la sita.

Waliojisomea pale walikuwa watatu. Wa kwanza Anitha mwenyewe. Wa pili Murtaza, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wa tatu Elisha, kijana mrefu mkimya kutoka Bahi, aliyepanga chumba mtaa wa pili. Wote walikuwa wamemaliza chuo, na wote walikuwa wametembeza vyeti ofisi moja hadi nyingine mpaka soli za viatu zikalalamika. Mtihani ulikuwa Jumamosi, na kila mmoja aliutazama kama mlango wa mwisho uliobaki wazi.

Sehemu iliyowatoa jasho ilikuwa ya mafumbo ya kufikiri. Unaambiwa watu wamekaa kuzunguka meza, au wamepanga foleni, halafu unapewa habari nusu nusu, nawe utafute kila mtu yuko wapi. Anitha alileta ungo wa mama na kupanga juu yake vifuniko vya soda, kila kifuniko mtu mmoja. Hapo ndipo Ruthu alipokuwa akisogea hadi anakaribia kukalia miguu ya watu.

"Sikilizeni," alisema Anitha Jumatatu ile. "Abeli, Jordan, Nisha na Sultanali wako kwenye foleni. Abeli yuko mbele ya Nisha. Sultanali ni wa mwisho. Nani wa kwanza?"

"Abeli," Ruthu alidakia kabla hajaulizwa.

"Kwa nini Abeli?"

"Si yuko mbele?"

Elisha alitabasamu. Hakugusa hata kifuniko kimoja. "Yuko mbele ya Nisha tu, mdogo wangu. Jordan hatujaambiwa alipo. Anaweza kuwa wa kwanza yeye, anaweza kuwa Abeli. Jibu ni lile la mwisho kwenye karatasi: taarifa hazitoshi."

Ruthu alilichukia jibu lile. Aliliona jibu la wavivu, la mtu aliyeshindwa na hataki kusema ameshindwa. Tena lilimuudhi zaidi kwa kuwa lilitoka kwa Elisha, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa wa mwisho katika kila fumbo. Alikuwa akikuna kichwa huku wenzake wameshamaliza na wanakunywa chai. Leo hagusi vifuniko, na majibu yanamtoka kama mtu anayesoma mahali.

Mahali gani? Swali hilo lilimkaa Ruthu kichwani, likagoma kutoka.

Mjini kulikuwa na maneno. Watu walisema kuna matapeli wanaouza majibu ya mitihani ya kazi kwa simu. Hakuna aliyewaona, lakini kila mtu alikuwa na binamu aliyewasikia. Murtaza alikuwa amewaonya wenzake siku ya kwanza kabisa: "Akikutwa mmoja wetu ana majibu ya wizi, tutafutwa wote. Benki hawatauliza nani alijua na nani hakujua." Anitha aliitikia kwa kichwa. Elisha naye aliitikia, na sasa Ruthu alijaribu kukumbuka kama aliitikia haraka au polepole.

Ukishaanza kumshuku mtu, ewe msomaji, hata kikohozi chake kinakuwa ushahidi. Jumanne Elisha alikuja amevaa koti na jua linawaka. Ruthu akaona anaficha kitu. Alipolivua na kulitundika, Ruthu akaona anajifanya hafichi kitu. Simu yake ilipotetemeka aliitazama, akainuka na kwenda kuongelea nyuma ya nyumba, kwenye tenki la maji. Mtu mwema anakwenda kuongelea nyuma ya tenki kwa nini?

Ruthu alichukua ndoo tupu, akazunguka upande wa pili kama mtu anayetumwa. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukivuma na vumbi lake, na maneno yalimfikia vipande vipande.

"Wa kwanza Denis," alisema Elisha kwa sauti ya chini. "Wa pili Bashiri. Hapana, hao wawili wasifuatane... Wa tatu acha wazi kwanza... Ndiyo, maji yakifika mwisho ndiyo tutajua... Usimwambie mtu. Nitakupigia kabla ya Jumamosi."

Ruthu aliiweka ndoo chini, akahesabu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, usimwambie mtu, Jumamosi. Yote yaliingia mahali pake kama vifuniko kwenye ungo. Neno moja tu ndilo halikuingia: maji. Maji yalikuwa yanatafuta nini kwenye mtihani wa benki? Ruthu aliligeuza neno lile huku na huku, akaona linamharibia, akaliacha pale pale kwenye tenki.

Kesho yake alimsubiri Murtaza getini.

"Shikamoo, kaka Murtaza."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

Ruthu akamwambia. Akamwambia Denis wa kwanza, akamwambia Bashiri wa pili, akamwambia habari ya kutomwambia mtu na ya Jumamosi. Habari ya maji hakuitaja. Murtaza alisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Ndiyo maana," alisema. "Na mimi nilikuwa najiuliza. Mtu hawezi kuamka tu akawa na akili mpya."

Kibarazani Murtaza hakuzunguka. Alimuuliza Elisha mbele ya Anitha nani anamtumia majibu kwa simu. Elisha alimtazama kwanza kama hajamwelewa. Kisha akamgeukia Anitha.

"Na wewe unaamini hivyo?"

Anitha alichelewa kujibu. Kuchelewa kule kulitosha. Elisha alichukua koti lake msumarini, akalikung'uta vumbi taratibu.

"Kama mmeshanihukumu, sina la kuwaambia," alisema, akaondoka bila kuaga.

"Kesho asubuhi nakwenda ofisini kwao benki," alisema Murtaza. "Afadhali afutwe yeye kuliko tufutwe sote."

Ruthu alikuwa ametegemea kufurahi. Kwenye ungo, ukimpata mtu wa mwisho, fumbo limekwisha na roho inatulia. Yake haikutulia. Dada yake alikaa akivitazama vile vifuniko bila kuvigusa, na lile neno la maji lilimrudia Ruthu, likakaa mbele yake kama mdai.

Asubuhi, Mama akifunga vifungo vya sare yake ya kazi, Ruthu alisimama mlangoni na sare ya shule mkononi. Mama ni muuguzi katika kituo cha afya, na amezoea kuwasoma watu kabla hawajasema.

"Wapi panauma?" aliuliza.

Ruthu akasema yote, na safari hii maji akayaweka mahali pake. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama alikaa kitandani, akamvuta karibu.

"Kwa nini hukumwambia Murtaza habari ya maji?"

"Neno hilo lilikuwa linaniharibia, Mama. Bila lenyewe kila kitu kilikaa sawa."

"Hapo ndipo ulipokosea. Kusikia si kosa, hata kujiuliza si kosa. Lakini uliona kipande kisichoingia, ukakitupa ili upate jibu ulilolitaka. Huo ni uongo, mwanangu, hata kama kila ulichokisema ulikisikia kweli." Akainuka. "Vaa haraka. Tunapitia dukani kwa kina Murtaza."

Walimkuta Murtaza yuko nje ya duka, amevaa shati lake la kwendea ofisini, funguo za pikipiki mkononi. Ruthu alimwamkia, halafu akakwama. Mama hakumsaidia. Alisimama pembeni na kutazama mabati yaliyopangwa ukutani kana kwamba anataka kununua.

"Kaka Murtaza, sikukuambia yote," Ruthu alisema mwishowe. "Alisema pia habari ya maji. Alisema maji yakifika mwisho ndiyo watajua. Mimi niliiruka."

Murtaza alizitazama funguo zake. "Maji?"

"Maji."

Aligeuka akaitazama pikipiki yake. Kisha akazirudisha funguo mfukoni, akajipangusa uso kwa kiganja. "Nami sikuuliza hata swali moja," alisema. "Nilitaka kuamini tu. Juzi alinishinda mafumbo manne, na liliniuma."

Walikwenda watatu hadi chumbani kwa Elisha. Walimkuta anakunja nguo na kuzisukuma kwenye begi. Mtihani alikuwa ameutupa. Alikuwa anarudi Bahi. Mama alimpa pole, naye akaamkia kwa heshima, "Shikamoo, mama," lakini Murtaza na Ruthu hakuwatazama.

Ruthu alisema kwa mara ya tatu. Mara hii ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mbele yake na begi lake. Aliomba msamaha huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Elisha aliliweka begi chini. Kisha akatoka nje, akaokota kijiti, akachora chini kwenye vumbi visanduku vilivyofuatana, na mstari mmoja ukivipitia vyote.

"Haya ni majaruba yetu ya mpunga," alisema. "Huu ni mfereji. Maji yanaingia jaruba la kwanza, yakijaa yanafunguliwa kwenda la pili, na yakifika la mwisho ndiyo tunajua kama mpango umefaa. Baba ndiye anayepanga zamu, lakini mwezi huu ameumia mguu, hatembei. Ananiambia habari, mimi nampangia. Denis na Bashiri wamegombana kwenye mfereji hadi wakashikana. Ndiyo maana nikasema wasifuatane, na ndiyo maana mambo yao hayasemwi mbele za watu mpaka wapatane. Zamu mpya zinaanza Jumamosi."

Murtaza alichuchumaa, akavitazama vile visanduku. "Kwa hiyo mafumbo ya kwenye ungo..."

"Nilikuwa siyawezi. Meza za duara sikuzizoea, kwetu tunakula mkekani. Siku moja nikasema ngoja, hawa watu niwape majaruba. Aliye mbele ya mwenzake anapata maji kwanza. Tangu hapo nayaona yote kichwani." Alikitupa kijiti. "Mngeniuliza tu, ningewaambia."

Ruthu alikiokota kile kijiti. Mama ndiye aliyesema, na ingawa alikuwa akimtazama Ruthu, Murtaza naye aliinamisha kichwa.

"Pale kituoni mgonjwa akija na homa, mdomo unaniwasha niseme ni malaria, kwa sababu malaria nimeiona sana. Lakini sisemi. Nampima kwanza. Nikimpa dawa ya ugonjwa asio nao, nitamuumiza, na ule alio nao utaendelea kumla. Mkimshuku mtu, muulizeni. Na kama hamjajua, semeni hamjajua. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumbandika mtu wizi kwa sababu mmechoka kusubiri."

Murtaza alimwomba Elisha msamaha kwa kumpa mkono, na Elisha akaupokea. Mtihani hawataukosa, walikubaliana, na jioni watakutana kibarazani kama kawaida. Elisha alianza kuzitoa nguo kwenye begi.

"Kaka Elisha," Ruthu aliita kwa sauti ndogo. "Na mimi umenisamehe?"

Elisha alimtazama, akafikiri kweli kweli, hakuwa anatania.

"Taarifa hazitoshi," alisema. "Nipe muda."

Ruthu alikwenda shule siku hiyo amechelewa, na adhabu ya kufagia uwanja aliipokea bila kunung'unika.

Jioni ile walikutana kama walivyopanga. Kabla ya yote, Anitha alimwomba Elisha radhi kwa kule kuchelewa kwake kujibu, na Elisha akasema yamekwisha. Ruthu alisikia akiwa mlangoni. Hakusogea karibu na ungo. Jumamosi ikaja, mtihani ukafanyika.

Wiki chache baadaye, darasani kwa Ruthu, saa ya mwalimu ilipotea juu ya meza. Macho yote yalimwendea Penina, msichana mgeni, kwa kuwa alikuwa amebaki ndani wakati wa mapumziko. Wengine walishaanza kuushika mkoba wake. Ruthu alisimama.

"Tumeona nini?" aliuliza. "Tumeona amebaki ndani. Saa mkononi mwake nani ameiona?" Hakuna aliyenyoosha kidole. "Basi hatujui. Tumuulize mwalimu aliiacha wapi mara ya mwisho."

Saa ilikutwa ofisini, kwenye mfuko wa koti la mwalimu mwenyewe. Ruthu aliisimulia nyumbani kama habari ndogo tu, lakini Anitha ana mdomo, hakuweza kukaa nayo.

Ujumbe kutoka benki ulipofika, Elisha na Anitha walikuwa wameitwa kazini. Murtaza hakuitwa. Alisikitika kiume, akasema atajaribu tena mwakani, ila safari ijayo yeye naye atafundishwa majaruba. Siku hiyo Elisha alikuja na kifuko cha mchele mpya kutoka Bahi. Alimwamkia Mama, akawasalimu wengine, kisha akapita moja kwa moja hadi alipokuwa amekaa Ruthu, kule mbali na ungo, akamwekea kifuko magotini.

"Nimesikia habari za ile saa," alisema. "Sasa zinatosha. Njoo ukae karibu."