Dudu la Jiwe la Theuri

Wacera alilishika sufuria la maziwa kwa mikono mitupu, akalitoa motoni, akalitua mezani taratibu. Harufu ya nyama iliyoungua ilijaa jikoni. Mke wa mwanawe Kihara, Watiri, alipiga yowe.

"Mama! Mkono yako inaungua, hausikii?"

"Nasikia harufu," Wacera akasema.

Ndivyo alivyokuwa tangu mwezi wa nne, walipomzika mumewe Theuri nyuma ya nyumba yao pale Ruring'u. Hakudondosha hata chozi. Majirani walimsifu ati ni jasiri, laiti wangejua! Alikuwa ameutafuta uchungu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, asiupate.

Wakati wa vita vya Mjerumani, Theuri alikuwa dereva wa jeshi huko Misri, akarudi na dudu la jiwe la kijani, lenye ukubwa wa yai la kuku. Watu wa kale wa kule, alieleza, waliliweka kifuani mwa maiti, kwa sababu ahera moyo hupimwa kwenye mizani, na ukiulizwa hutoboa siri zote za mwenyewe. Dudu huunyamazisha. Theuri aliomba azikwe nalo. Lakini Wacera ni mama wa kanisa. Mkristo azikwe na sanamu? Alimkubalia mgonjwa kitandani, kisha akalifunga kwa kitambaa na kulitia ndani ya blauzi yake liwe ukumbusho. Tangu hapo, hata ukungu wa Julai ulipoufunika mji mzima, yeye alinuka mchanga uliochomwa na jua.

Wiki hiyo Watiri alikuwa amejifungua mvulana. Wacera alimpakata, akamwita kwa jina la babu yake, kama ilivyo desturi, maana babu aliyekufa huwa amerudi. Maneno yalimtoka makavu. Mtoto alikuwa mikononi mwake kama kifurushi cha jirani, na akajua kwamba angeweza kumwangusha asijali. Alipotazama malengelenge ya viganja vyake, akaona afadhali amwite Abdulatif.

Abdulatif alikuwa jeshini na Theuri, na siku hizi aliwasomea wagonjwa dua huko Majengo.

"Weka mkono kifuani, Mama Kihara," alimwambia. "Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

Wacera akalitoa lile jiwe kwenye blauzi, naye akamwambia aliweke sikioni. Ndani yake kitu kiligonga: ko, ko, ko.

"Huo ni moyo wako," Abdulatif alinong'ona. "Kuna jini analinda hii jiwe. Hana macho, yeye hufuata jina tu. Tumrudishie Theuri kitu chake, tumtaje, jini atashika moyo wa Theuri na aachilie wako."

Wakatoka hadi kaburini mchana huo huo. Nyumbani mtoto alikuwa akilia, anataka ziwa. Abdulatif akasoma aya, akalizika jiwe, akasema mara tatu, "Theuri, moyo wako unyamaze," na mara ya tatu udongo ukatetemeka chini ya magoti yao, harufu ya mchanga wa moto ikapanda mpaka ikawakaba koo, na Wacera akasikia viganja vyake vikiwaka moto, kisha kifua, kisha miezi yote ile mitatu ikamwangukia kwa pamoja, akalia kwa sauti juu ya kaburi la mumewe, akamkumbuka mjukuu wake, zile kope zake, uzito wake mdogo, akampenda mpaka akaishiwa nguvu, na moyo wake ukadunda masikioni kwa kishindo hata akachelewa kugundua kwamba nyumbani kumekuwa kimya.

Watiri alisimama mlangoni, amembeba mtoto kwenye shali.

"Mama," aliita polepole. "Kuja uangalie Theuri. Ameacha kulia, na bado hajanyonya."

Abdulatif aligeuka. "Theuri gani?"

Wacera alikimbia, akampokea mtoto kwa viganja vyake vilivyoungua, akamlazia sikio kifuani, akangoja. Mtoto alikuwa akipumua, lakini kifuani hakukusikika kitu. Macho yalikuwa wazi, yakimtazama bibi yake akilia, wala hayakujali. Nywele zake zilinuka mchanga uliochomwa na jua.