Ukumbi wa Kituo cha Tatu

Jumatano, saa tisa alasiri

Chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani kilinuka mafuta ya mashine na jasho. Watu watatu. Meza moja ya kukatia nguo. Msumari, kiongozi wao, alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Haya, shemeji. Tema."

Fundi alifungua daftari. Wenzake walimwita Suti, kwa sababu katika genge zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa nayo, na akiivaa alifanana na hakimu mstaafu. Ndiyo maana alitumwa. Kwa wiki tatu alikuwa akikaa katika kumbi za daraja la kwanza za vituo vitatu vya treni, akinywa chai ya bure na kuhesabu milango. Mnunuzi mmoja wa vito hubadilisha treni kwenye vituo hivyo kila Alhamisi, begi la kahawia mkononi, mawe ndani. Hana mlinzi. Anategemea uchakavu wa begi lake. Swali lilikuwa moja tu: wampore kituo kipi?

"Cha kwanza ni kipya," Suti alisoma. "Vioo kila upande. Viti vya ngozi, ukikaa vinakumeza. Chai inatoka kwenye mashine. Kamera saba. Mzigo unaufungia kwenye kabati la namba za siri. Nimekaa pale saa nne, hakuna aliyenitazama usoni."

"Pita."

"Cha pili, zulia limetoboka na televisheni inapiga kelele. Choo kimefungwa, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ana bunduki. Yule bwana hukaa amelipakata begi kama mtoto mwenye homa."

"Pita, pita!"

Suti akafungua ukurasa wa mwisho. Sauti yake ikapungua.

"Cha tatu ni kidogo. Viti vya zamani, lakini vina vitambaa vya kufuma, safi. Chai inaletwa pamoja na birika lake. Mezani yuko mama mmoja. Anapokea mzigo kwa mikono miwili, hakupi hata kikaratasi. Anamkumbuka kila mtu kwa sura. Ukisinzia, anakuamsha treni yako ikikaribia. Bwana wa vito humwachia begi, kisha anaingia bafuni kuoga. Nusu saa nzima."

Breki alicheka. Huyo ndiye dereva wao; jina hilo walimpa kwa utani, maana hakuwa nazo. "Umetumwa kupima kuta, mzee, wewe umepima birika!"

Msumari hakucheka. "Meza anaiacha lini?"

Hapo ndipo Suti alipopaswa kunyamaza. Jibu alilijua kwa sababu lilimtokea yeye mwenyewe. Siku ya kwanza aliingia akichechemea, mkongojo mkononi. Mchechemeaji hamtishi mtu. Yule mama alimshika mkono, akambebea mkoba, akampeleka hadi kwenye behewa na kumkalisha. Ndivyo anavyowafanyia wazee na wagonjwa wote. Hakuna bosi aliyemwagiza.

"Akimsindikiza mgonjwa," Suti alisema.

Msumari akatabasamu polepole. "Basi kesho utaumwa, shemeji. Utaumwa sana."

"Na yule mama? Begi likipotea, anayekwenda ndani ni yeye."

"Mama gani? Wako tulishamzika."

Breki akacheka tena. Suti hakucheka, lakini pia hakukataa. Alichukua sindano akamalizia kifungo cha sare ya mpagazi ambayo Msumari angeivaa. Miaka sita alikuwa akilishonea genge sare: za walinzi, za mafundi umeme, za wauguzi. Siku zote alijiambia kwamba sindano haimwagi damu. Jioni ile alipiga magoti kusali kama ilivyokuwa kawaida yake, akasema, "Ee Mungu wangu," basi. Maneno mengine hayakuja.

Alhamisi, saa nne na dakika ishirini

"Mzee wangu! Goti linasemaje leo?"

"Linasema halinitaki tena."

"Litakutaka tu." Yule mama alimmiminia chai bila kuulizwa. "Juzi nimelitaja kwenye maombi yangu. Nimelitaja wazi kabisa: goti la kulia la yule mzee wa suti. Litaona haya lenyewe, lipone."

Abiria wawili wakacheka kwa upole. Suti alitazama ndani ya kikombe. Chai ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtesa. Nyuma ya meza lile begi la kahawia lilikuwa limelala kati ya masanduku mengine. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika. Mtu alikuwa anaoga huku akipiga mluzi.

Saa nne na dakika thelathini na mbili

Msumari aliingia na kitoroli, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Sare ilimkaa vizuri. Suti aliona mshono wake mwenyewe begani, akajikuta anausifu moyoni. Papo hapo akajichukia.

"Treni yako hiyo," mama alisema. "Twende taratibu."

Akampa mkono. Wakatoka. Nyuma yao, magurudumu ya kitoroli yalizunguka meza.

"Unaegemea kidogo mno," mama alimkaripia. "Egemea, mimi si kioo."

Suti akaegemea.

"Ukiwasindikiza watu hivi, meza nani anaiangalia?" alijikuta akiuliza.

"Mungu na waungwana. Miaka kumi na moja, mzee wangu, hakijapotea hata kijiko."

Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja: rudi. Neno fupi kuliko yote aliyoyaandika daftarini. Hakulisema.

Saa nne na dakika thelathini na nane

Yule mama alimkalisha dirishani, akamwekea mkoba miguuni, akamtakia safari njema. Alipofika katikati ya jukwaa, mlango wa ukumbi ulifunguka kwa kishindo. Bwana wa vito alitoka na taulo shingoni, povu sikioni. "Begi langu! Begi langu liko wapi?"

Kitoroli kilikutwa tupu kwenye lango la nyuma. Msumari na Breki walishakwenda.

Yule mama alikimbilia ndani; muda si muda askari walimtoa tena jukwaani, mmoja huku, mmoja huku. Kilemba kilikuwa kimemdondokea mabegani.

"Uliacha meza wazi kwa makusudi. Nani mwenzako?" aliuliza mkubwa wao.

"Sina mwenzangu. Nilikuwa nasindikiza mgonjwa. Yule pale dirishani."

"Mteremsheni."

"Msimteremshe, jamani! Goti lake ni bovu. Meza niliiacha mimi. Yeye ana kosa gani?"

Kondakta alitazama saa. "Afande, tunachelewa."

"Nendeni."

Pingu zikalia. Filimbi ikalia. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Kituo kinachofuata Breki angemngojea na gari, na kabla ya adhuhuri angekuwa dukani kwake, salama, akikata vitambaa.

Suti alisimama. Mkongojo akauacha kitini. Akashuka.

"Afande, mwachie huyo. Mwizi ni mimi."

"Msimsikilize!" mama alipiga kelele. "Ni huruma tu, anajitwisha mzigo usio wake. Mzee wangu, rudi ukae, utaanguka!"

Mkubwa wa askari alimtazama Suti toka juu hadi chini, akakunja uso. "Mzee, usitupotezee muda. Juzi nimekuona kwa macho yangu, hata kusimama kwako ni kazi."

Suti hakuwa na ushahidi mwingine. Basi akatembea. Kutoka mlango wa behewa hadi nguzo ya saa, na kurudi. Hatua za mtu mzima wa afya, ndefu, zenye haraka, viatu vikigonga sakafu. Abiria walichungulia madirishani. Angevuliwa nguo mbele yao, ingekuwa afadhali.

Alipogeuka kwenye nguzo, aliuona uso wa yule mama. Ulikuwa unang'aa. Mikono yenye pingu ilikuwa imepanda hadi mdomoni.

"Ee Mungu! Goti limepona!"

Ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja tu. Kisha macho yake yakatoka kwenye goti, yakaenda kwenye suti, yakaenda kwenye mlango wa ukumbi, yakabaki huko.

"Halijawahi kuumwa," Suti alisema.

Pingu zilihama mikono. "Wenzako wako wapi?"

Msumari alikuwa ndugu wa mke wake, tumbo moja. Wamekula sahani moja miaka ishirini. Suti alimtaja. Akamtaja Breki, gari, rangi yake, na barabara waliyoshika. Kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa, na hakuna lililompunguzia uzito.

"Mama, nisamehe."

Alitamani apigwe kofi. Alitamani atemewe mate mbele ya watu. Yule mama alikuwa anajisugua vifundo vya mikono pale pingu zilipombana. Akafunga kilemba chake upya, polepole, kama aliye peke yake.

"Afande," alisema, bila kumtazama Suti, "naomba nirudi ndani. Kuna babu mmoja kiziwi amelala. Treni yake ni saa tano na robo. Nisipomwamsha, itamwacha."