Abdulkadiri Aliyesubiri Leza

Ndugu zangu wa Kisarawe na Kibaha, haya nayasimulia kwa idhini ya Shamsia, mke wa Abdulkadiri, fundi cherehani wa Msimbu. Yeye mwenyewe ameniambia, "Waambie watu."

Ilikuwa Sikukuu ya Idi. Tulikaa mkekani nyumbani kwao tukila pilau, watoto wakicheza uani. Seifu, mdogo wake Abdulkadiri, akafika kutoka Soga, kwa mara ya kwanza bila miwani.

"Shikamoo kaka. Miwani basi tena, nimefanyiwa leza, wanatibu macho kwa mwale wa mwanga!"

"Marahaba. Na unaona?"

"Naona mpaka nazi za jirani."

Tulicheka. Abdulkadiri akainuka kufuata maji, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo.

"Baba Naila, kapime macho," Shamsia alimwambia wageni walipoondoka.

"Nipime nini? Nashona mstari umenyooka. Yakizidi nitafanya leza kama Seifu, siku moja tu yameisha."

Alisema hivyo mwaka mzima. Wapimaji wa macho walipokuja zahanati, alibaki kwenye cherehani yake. Baiskeli akaiacha, akidai imeharibika, kumbe alishaingia nayo mtaroni mara mbili. Hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alipita jikoni, akaipiga teke sufuria ya uji. Uji wa moto ukammwagikia Shamsia miguuni.

"Nani kaweka sufuria njiani?" alifoka.

Shamsia alijibu huku analia. "Ipo palepale kila siku, mume wangu. Wewe ndiye huioni."

Abdulkadiri akakaa chini, akaagiza Seifu aitwe.

Seifu aliwachukua wote wawili hadi hospitali ya Kibaha. Shamsia akafungwa vidonda, na mumewe akaingia kwa daktari wa macho, mama mmoja anayeitwa Elinipa.

"Baba, hii ni presha ya macho," daktari alisema. "Haiumi, inakula kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa sehemu kubwa."

"Basi nifanyie leza kama mdogo wangu."

"Ile hurekebisha umbo la kioo cha mbele ya jicho, kwa mtu anayehitaji miwani. Mshipa uliokufa haufufui. Ungekuja mapema, dawa ya matone ingekulinda."

Kisha akamgeukia Seifu. "Na wewe kaa hapa nikupime. Ugonjwa huu hufuata damu."

"Mimi? Si nilishafanyiwa leza?"

Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Yeye aliwahi, na mpaka leo anatumia matone na anaona.

Kaka yake hakubahatika. Cherehani imefunikwa kitambaa. Naila, binti yake mkubwa, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Hakwenda, maana mama anachechemea na baba hawezi kufika chooni peke yake.

Mwezi uliopita niliwakuta barazani. Abdulkadiri alikuwa anageuza kichwa polepole, akiutafuta uso wa binti yake kwa kile kitundu kidogo cha nuru kilichombakia. Alipoupata, alisema, "Kaa hivyohivyo, mwanangu. Usisogee."

FUNZO

Macho hayana ugonjwa mmoja, na leza ya kuondoa miwani haitibu kila jicho. Usijipangie tiba kwa kumtazama jirani. Kapime ungali unaona, hasa ukifika miaka arobaini au kama nyumbani kwenu yupo aliyepofuka. Na mkeo akikuambia huoni, msikilize. Anayeumia si wewe peke yako.