Abiria wa Kiti cha Nne

Fomu ya madai ya bima ya boti ilirudi mara ya tatu, na safari hii bahasha ilikuwa na unyevu.

Fundi miwani aliipokea mlangoni pa duka lake, akaifuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia lenzi, akaifungua huku amekunja uso. Kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia mstari wa kumi na mbili: watu waliokuwa ndani ya boti wakati wa tukio. Yeye alikuwa amejaza "Hakuna". Alikumbuka vizuri, maana alibonyeza kalamu kwa hasira mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Sasa pale pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, palisomeka "Mmoja".

"Haya sasa ni maudhi," akasema peke yake. Mtu anashinda akiwapima wenzake macho, halafu aambiwe hajui kusoma alichokiandika!

Boti yenyewe haikuwa kubwa: injini ndogo, paa la turubai, viti vinne. Aliinunua kwa ajili ya binti yake wa miaka saba, mtoto wa pekee, waliyempata yeye na mkewe baada ya kukata tamaa. Siku sita za juma alitoka nyumbani binti amelala na kurudi binti amelala. Jumapili ziwani ndiyo ilikuwa siku yao. Huko ndiko mtoto alikomweleza habari zake zote za shule, bila nukta, miguu ikichezea maji. Kisha usiku mmoja usio na upepo wala wimbi, boti ikapasuka ikiwa imefungwa gatini. Fundi wa boti aliitazama akakuna kichwa. Ubavu ulikuwa umesukumwa kuelekea nje, kana kwamba aliyeuvunja alikuwa amekaa ndani. Bima isipolipa matengenezo, Jumapili zao zimekwisha, na jambo hilo lilimkaa fundi miwani rohoni kama mfupa wa samaki.

Alifunga duka, akaenda ofisi ya bima. Akachukua namba, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka kiuno kikamuuma. Namba yake ilipoitwa, karani wa madai alikuwa anachonga penseli. Alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani iliyolegea, na fundi miwani, hata katika hasira zake, alitamani kuikaza skrubu.

"Dada, leo tumalizane. Boti ilikuwa tupu. Tu-pu."

"Basi ijaze hapa mbele yangu," akasema karani, akamsogezea fomu mpya.

Akajaza: Hakuna. Akaipuliza wino ukakauka. Wote wawili wakaitazama. Feni iliendelea kuzunguka, mtu mmoja kwenye foleni akakohoa, na polepole, bila haraka yoyote, wino ulilainika, ukatambaa kidogo, ukatulia tena. Mmoja. Harufu ya tope la ziwa ikapanda kutoka kwenye karatasi.

Karani hakupiga kelele. Alitazama kulia na kushoto, akainama mpaka paji lake likagusa kioo cha kaunta.

"Kaka, nimeona mafaili mawili ya namna hii," akanong'ona. "Huyo ni jini. Anaweza kukaa kwenye chombo chako miaka, lakini nyumbani kwako haingii mpaka apewe nafasi. Anataka kuandikwa."

"Na kompyuta yako inasemaje?"

"Kompyuta inasema mtu yupo, kwa hiyo umtaje ni nani wako. Akiwa mgeni, bima hailipi. Inalipa kwa watu wa nyumbani tu." Akaisukuma miwani yake juu ya pua. "Yafute madai, kaka. Nakuomba."

"Miaka mitatu nimelipia bila kuchelewa hata siku moja! Leo nishindwe na mstari mmoja?"

Alirudi nyumbani na fomu kwapani, amefura. Mkewe alikuwa amesimama ukumbini mchana kweupe, ndoo mkononi, lakini hapigi deki.

"Sikiliza," akasema mkewe kwa sauti ndogo.

Nje ya dirisha la sebule, mahali pasipo na kitu ila ukuta wa jirani, ilisikika kamba ikivutika na kulegea, ikivutika na kulegea, kama boti inayosubiri kufunguliwa.

"Tangu asubuhi," mkewe akasema. "Hakiingii ndani, kipo hapo tu. Unakumbuka mtoto alivyokuwa anakataa tusiweke kapu kwenye kiti cha nne? Alisema kina mtu. Tukacheka."

"Watoto husema mengi."

"Mume wangu, achana na hiyo boti. Jumapili tutampeleka bustanini. Yeye anakutaka wewe, hana haja na maji."

Maneno hayo yangetosha kumtuliza mtu mwingine yeyote. Lakini fundi miwani alikuwa amepanga foleni mara tatu, amenakili cheti cha boti mara nne, amepiga picha za ubavu uliopasuka kutoka kila upande, na hasira ya mtu aliyesumbuliwa hivyo haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alikaa mezani. Mstari wa kumi na mbili akaandika "Mmoja" kwa hiari yake. Wa kumi na tatu ukauliza uhusiano na mwenye bima. Mke alikwisha kumtaja kwa jina kwenye ukurasa wa kwanza, na wazazi walikwisha kufariki. Akaandika: Mtoto wangu. Ni karatasi tu, akajiambia, akatia sahihi.

Wino haukusogea. Nje, kamba ilinyamaza.

Kesho yake asubuhi aliitumbukiza fomu kwenye sanduku la ofisi ya bima, na saa sita na nusu simu iliita dukani. Mteja alikuwa kitini, fremu ya kupimia imemkaa puani, anasoma herufi za ukutani.

"Kaka, madai yamepita," akasema karani. "Yamejipitisha yenyewe, mimi sijagusa kitu. Uliandika nini kwenye uhusiano?"

"Mtoto wangu. Si mlitaka jibu?"

Karani akabonyeza vitufe vya kompyuta.

"Bima yenu ni ya baba, mama na mtoto mmoja. Nafasi ya mtoto ni moja tu, kaka, na sasa imejazwa. Jina la binti yako silioni tena kwenye faili. Yuko wapi saa hizi?"

Fundi miwani aliiangusha simu. Alimwacha mteja na fremu yake, akaliacha duka wazi, akakimbia. Alikimbia na koti lake jeupe la kazi likipepea, akapita kwa muuza magazeti, akapita kituo cha mafuta, akiwaza kwamba ni upuuzi, kwamba karatasi ni karatasi, kwamba atamkuta binti yake getini na kidaftari chake na hadithi zake zisizo na nukta na atambeba mgongoni mpaka nyumbani na boti ikaoze huko iliko, na kila alivyokaribia shule ndivyo harufu ya tope la ziwa ilivyozidi kumjaa puani mpaka akashindwa kuvuta pumzi.

Mkewe alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa anatabasamu, amemshika mkono mtoto wa rika la binti yao, mwenye sare ile ile, nywele zikimdondoka maji juu ya mabega.

"Ee, leo na wewe umekuja kumchukua mwanao?" mkewe akamwambia kwa furaha. Jana tu alikuwa ananong'ona kwa hofu. Leo hofu hiyo haikuwa machoni mwake hata kidogo.

"Baba," akasema yule mtoto.

Fundi miwani aliwapita. Karibu na ukuta, binti yake alikuwa amesimama na mwalimu, mkoba mgongoni, peke yake.

"Sijui huyu ni wa nani," mwalimu alikuwa anamwambia bawabu. "Hayumo kwenye orodha yangu."

"Mwanangu!" fundi miwani akaita, akapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, ni mimi."

Binti akamtazama usoni kwa makini, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, mzee," akasema, kwa ile adabu waliyomfundisha kuwapa watu asiowajua.