Nimefungiwa Ndani ya Ukuta, Mchumba Wangu Ananisema

"Simpendi, Mama. Sikuwahi hata kukusudia kumchumbia."

Hiyo ni sauti ya Piers, mchumba wangu. Anamwambia mama yake. Na mimi niko karibu naye kabisa... ndani ya ukuta!

Ngojeni niwaeleze nilifikaje humo.

Bi Hester, mama mkwe wangu mtarajiwa, ndiye mkuu wetu sisi tunaojitolea kwenye Marlcombe, jumba la kale ambalo watu huja kulitembelea. Kila Jumamosi tunasimama vyumbani, wageni wanapita, tunawaambia nani alilala wapi na nani alifia wapi. Jumamosi ile akaniambia, "Imogen mwanangu, niletee miiba. Watu wanakalia viti."

Kwetu hatuandiki "usikae". Tunaweka ua kavu la miiba juu ya kiti cha kale, mwenye akili anaelewa.

Miiba inawekwa kwenye ujia wa watumishi wa zamani, nyuma ya chumba cha manjano. Mlango wake umebandikwa karatasi ileile ya mapambo iliyobandikwa ukutani, usipoambiwa huuoni. Nikaingia. Nikasikia mlango ukijifunga nyuma yangu, kisha komeo... ka!

Komeo liko upande wa chumbani. Mwisho wa ujia ulizibwa kwa matofali zamani sana. Simu nimeiacha kwenye begi, na mabegi hayaruhusiwi ndani. Giza, vumbi, baridi ya mawe.

Afadhali wageni wakaingia. Mzee mmoja akasimama karibu na pua yangu, anamfundisha mkewe habari za ile karatasi ya ukutani, na anamdanganya karibu kila neno. Nikainua mkono nigonge.

Nikaushusha.

Mzee wa watu ashtuke, aanguke, kwa sababu yangu?

Najua mnasema dada huyu kichwani hamnazo. Jamani, mimi ni Mwingereza wa kijijini. Kwetu ukikanyagwa mguu, wewe ndiye unayeomba samahani. Kundi likapita, likaja lingine, nalo likapita. Nimejibana humo, najiambia kundi lijalo nitagonga.

Na niwaambie kitu... humo gizani sikuona ugeni sana. Tangu nivishwe pete nilikuwa najisikia hivyohivyo. Kila mtu ananipita akitabasamu, na mimi siwezi kutoa neno. Harusi ilikuwa wiki inayofuata, kwenye bustani ya jumba hilohilo.

Ndipo wageni wakaisha, akaingia Bi Hester na Piers. Nikasikia mlango mkubwa ukifungwa.

"Chumba nimekifunga kwa wageni," mama akasema. "Sasa sema. Unampenda Imogen?"

"Imogen ni mtu mwema sana, Mama."

"Sikukuuliza wema wake."

Ndipo yakatoka yale maneno niliyowaanzia. Lakini hakuishia hapo.

"Siku ile bustanini nilipiga goti mbele ya Imogen nifunge kamba ya kiatu," Piers akasema. "Bibi mmoja mgeni akadhani namchumbia, akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote. Ningesimamaje, Mama? Ningewaaibisha. Nikamuuliza kama atakubali, basi."

Kamba ya kiatu!

Nikakaa chini kwenye vumbi, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka, siwafichi. Ila mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Maana na mimi nilisema ndiyo kwa ajili ya hayohayo makofi! Piers ni rafiki yangu tu. Nilishindwa kumwambia asije akaumia, na mama yake alishaagiza maua.

Nikagonga.

"Nani?" Piers akauliza.

"Mimi. Samahani kwa usumbufu."

Komeo likafunguliwa. Piers alikuwa mweupe kuliko kawaida yetu.

"Umesikia?"

"Yote. Na mimi sikupendi, Piers. Nilikubali kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi."

Akajibwaga kwenye kiti cha kale... juu ya miiba. Aliruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Tukacheka mpaka tukashikana mabega, kitu ambacho hatukuwahi kufanya tangu tuchumbiane.

Halafu nikaangalia chumba vizuri. Asubuhi nilipita haraka, sikuangalia. Kila kiti kilikuwa na ua lake la miiba tayari.

Sasa mimi nilitumwa miiba ya nini?

Nikamgeukia Bi Hester. Tangu nigonge, hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Komeo lile halijifungi lenyewe," nikamwambia.

"Halijifungi," akajibu, akiokota ua lililoanguka. "Nimewasubiri tangu majira ya machipuko mmoja wenu aseme. Nikaona mtaapa kanisani kwa kuogopa kunisumbua mimi. Na mimi nilipigiwa makofi, Imogen. Marehemu baba yake Piers alikuwa mtu mwema sana. Ila mimi hakuna aliyenifungia ukutani."

Akalirudisha ua juu ya kiti, akalinyoosha, akaenda kuwafungulia wageni.

Wapendwa, makofi ya watu yanaishia palepale bustanini. Ndoa unarudi nayo nyumbani. Kama jambo hulitaki, liseme mapema, hata kama sauti inatetemeka. Si kila mtu ana mama mkwe kama wangu.

Harusi haikufanyika, na Piers bado ni rafiki yangu. Siku hizi kamba ya kiatu ikimfunguka bustanini, anaenda kuifungia nyuma ya miti.